Karatasi Kumi na Mbili za Mawingu

Jumatatu, 9 Juni

Na ndiyo maana nasema Baba Mkwe hakukosea sana, alikosea kidogo tu. Mkono wangu si mkono wa fundi karatasi, sawa, nakubali. Lakini kuuita "mkono wa kubonyeza vitufe" mbele ya Kanoko, tena wakati wa supu! Kanoko alicheka. Akicheka mabega yake hupanda kama ya ndege anayekung'uta maji. Nikawasamehe wote waliokuwa mezani.

Leo tumetimiza siku ishirini na mbili za ndoa. Daftari hili kanipa yeye. Jalada lake ni la karatasi ya nyumba hii, nyeupe juu ya nyeupe, mpaka uliinamishe kwenye mwanga ndipo unaona majani ya mianzi. Nimeliinamisha mara nyingi kuliko nilivyoliandika.

Basi niweke mambo yangu sawa. Jina langu Kippei, umri thelathini na moja, zamani muuzaji katika duka la vyombo vya umeme karibu na stesheni ya Kyoto. Kanoko aliingia dukani Julai iliyopita kuulizia mashine ya kunyonya unyevu, kwa ajili ya ghala la karatasi la baba yake. Alivyolitamka neno "unyevu"! Sijapata kulisikia hivyo tena. Nikamuuzia mashine. Nikaipeleka mwenyewe hadi kwao. Nikarudi kuikagua mara tisa. Haikuwa na hitilafu yoyote.

Sasa naishi nao. Nimechukua na jina la ukoo wao, Iwasaka, maana nyumba haina mtoto wa kiume na jina la karakana ya vizazi sita haliachwi likafa. Wenzangu wa dukani wananitania kwamba sikuoa, nimeolewa. Waache waseme. Nimeolewa vizuri!

Kazi ya nyumba ni karatasi za kupamba milango ya kusukuma. Kuna vibao vya mbao vilivyochongwa zamani. Unachukua unga wa ulanga, lile jiwe linalometameta, unauchanganya na gundi ya mwani, unaupaka kwenye kibao kwa chekeche la kitambaa. Unalaza karatasi juu. Kisha unasugua kwa kiganja. Si kwa brashi wala mashine. Kiganja kitupu! Kiganja changu tangu harusi kimeshika mwiko tu, kikikoroga sufuria ya mwani.

Leo limezuka jambo kubwa. Mbunifu mmoja, Bi Nagumo, anakarabati jumba kuukuu ng'ambo ya mto liwe nyumba ya wageni. Anataka milango minne ya mawingu. Baba Mkwe bega linamsumbua, hawezi milango minne. Kwa hiyo Jumamosi Bi Nagumo akija, mimi na Tsukasa kila mmoja aweke mezani karatasi kumi na mbili, yaani mlango mmoja, zote zifanane na zikutane. Tumepewa karatasi thelathini na sita kila mtu, hakuna nyongeza. Atakayeshinda ndiye atakayechapa milango yote. Nikishindwa, narudi kwenye sufuria mpaka Mwaka Mpya.

Tsukasa ni fundi wa hapa, mwaka wake wa saba. Hajapata kuniita kwa jina. Ananiita Bwana Harusi. Leo kaniuliza kama Bwana Harusi ameshawahi kugusa kibao, ukiacha kukifuta vumbi. Nikamjibu kwamba mapenzi hufunza mkono haraka. Akasema basi hayo mapenzi yaanze kwa kuosha chekeche.

Nimeliosha. Lakini nimeapa. Siku moja Kanoko ataingia katika chumba kile ng'ambo ya mto, ataona mawingu ukutani, atawaambia watu: haya ni ya mume wangu. Sitaki kingine duniani. Kingine chote ninacho tayari.

Jumanne, 10 Juni

Mvua. Msimu wenyewe. Maua ya haidrenjia uani yamelewa maji, vichwa chini.

Nimegundua siri! Asubuhi Baba Mkwe aliponyosha mkono kuchukua achari ya biringani, nilikitazama kiganja chake kwa karibu. Laini kama keki ya mchele. Miaka hamsini ya kazi na ni laini! Kumbe siri ni ulaini. Tsukasa na miaka yake saba, kiganja kikavu kama kopo.

Nikaenda dukani kununua mafuta ya kamelia, yale ya kupaka nywele. Nikajipaka chupa nzima. Nikavaa glavu ili yaingie vizuri. Mchana nikala tambi na glavu zangu. Kanoko akauliza kulikoni. Nikasema ni jambo la kumshangaza. Akasema ameshashangaa. Vijiti vikateleza, tambi moja ikaruka hadi kwenye bakuli la Mama Mkwe, naye akaila bila neno. Mwanamke wa adabu kupita kiasi.

Baadaye Kanoko alinusa mkono wangu, akasema unanukia kama kichwa cha bibi yake. Hakuna mke aliyewahi kumwambia mumewe neno tamu namna hiyo.

Alasiri Tsukasa alikuwa kwa daktari wa meno. Nikachapa kumi na mbili mfululizo. Kiganja kinateleza chenyewe! Zikiwa bado mbichi zilipendeza mno. Nimezitundika kwenye mianzi zikauke. Nalala mapema, mshindi anahitaji usingizi.

Jumatano, 11 Juni

Balaa.

Kila palipopita kiganja changu, mafuta yalizama kwenye karatasi na ulanga ukakataa kushika. Zilipokauka, mawingu yapo, ndiyo. Lakini katikati ya mawingu kuna mikono. Mikono mitupu, vidole vyote vitano, inaonekana kana kwamba kuna watu nyuma ya mbingu wanaomba watolewe.

Baba Mkwe aliinua moja dirishani. Akaitazama kwa utulivu. Akauliza nani alikuwa anajaribu kutoroka.

Tsukasa akahesabu. Mikono ishirini na mitano! Akasema moja ina mikono mitatu, je, Bwana Harusi alipata msaidizi?

Baba Mkwe hakugomba. Alinikumbusha tu kwamba karatasi hizi zinatoka Echizen kwa Mzee Ukai, ambaye huziinua moja moja kutoka kwenye maji baridi na hazipendi mzaha. Nikainama. Nikaosha mikono kwa sabuni ya vyombo mara nne.

Kanoko akaomba apewe ile ya mikono mitatu. Ameitundika chumbani kwetu. Anasema ni picha yangu ya kwanza ambayo sikufumba macho. Nani ana mke kama huyu? Nani?

Jioni nikajaribu mbinu ya pembeni. Nikamwambia Tsukasa, kama mtu anayejizungumzia tu, kwamba nimesikia Bi Nagumo siku hizi anapenda mawingu ya waridi. Nilitegemea angeharibu zake kumi na mbili. Tsukasa akasema ni ajabu, maana Bi Nagumo alimpigia simu jana wakaongea nusu saa nzima, walisoma darasa moja, na mtu anayechukia waridi kuliko Bi Nagumo hajazaliwa. Kisha akanipa chekeche nioshe.

Alhamisi, 12 Juni

Leo nilikaribia! Naandika hili ili lijulikane. Nilikaribia sana.

Asubuhi nilichapa sita. Mikono safi, mikavu. Sikukimbilia. Baba Mkwe akapita nyuma yangu, akasimama, akasema, "Hm." Siku ishirini na tano katika nyumba hii na sijawahi kupewa hata hm moja! Nilimkimbilia Kanoko nikamweleza. Akauliza ni hm ya kupanda au ya kushuka. Nikasema ya katikati. Akasema basi ni nzuri, yeye mwenyewe hajaipata siku nyingi. Akageukia kompyuta yake, anachora majani mapya kwa ajili ya mteja anayetaka kufunikia dari la mkahawa. Kazi ya Kanoko ni hiyo, kubuni, kuchagua rangi, kupiga picha za mauzo. Kuchapa hachapi.

Baada ya chakula nikachapa sita nyingine. Mvua ikazidi. Hewa ilikuwa nzito kama blanketi lililolowa, nikahofu hazitakauka. Hapo ndipo nikakumbuka. Mashine yetu! Mshenga wa ndoa yetu! Niliiuza mwenyewe, naijua nguvu yake. Nikaitoa ghalani, nikaiweka chini ya zile sita, nikafunga milango, nikaifungulia mpaka mwisho. Nikaenda kunywa chai na mke wangu.

Tulikaa saa mbili. Tulizungumzia kama tukipata mtoto atakuwa na masikio yake au yangu. Yangu yamechomoza. Kanoko anasema atayapenda. Nilisahau kwamba kuna karatasi duniani.

Niliporudi, zile sita zilikuwa kavu kama mwani wa kukaanga. Zilikuwa zinalia krr, krr. Tena zimesinyaa! Nikazipanga kando ya zile za asubuhi. Kichwa cha wingu hapa, mkia wake upana wa kidole chini zaidi. Mlango mzima umekatika shingo.

Tsukasa akasimama kuangalia, mikono kwenye aproni. "Bwana Harusi, hata mawingu yako hayaelewani. Wamegombania nini hawa?"

Kisha akainusa hewa ya ghala, akagundua mashine haipo, akatoka mbio. Kumbe karatasi za mwaka mzima zilikuwa zimeanza kunywa mvua. Mashine imerudishwa, karatasi zimepona. Baba Mkwe alikuja, akatazama zile sita, akaitazama mashine, akanitazama mimi. Nilitamani anipigie kelele. Aliuliza tu kama bado ina dhamana.

Nikajibu miaka miwili zaidi. Akasema basi angalau kitu kimoja kina dhamana.

Zimebaki kumi na mbili.

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi nilimsaidia Mama Mkwe kutoa vikonyo vya plamu mbichi kwa kijiti. Kilo nane, za kutia chumvi. Mikono yake ikienda, mdomo wake huenda pia. Akanisimulia jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia.

Kanoko alianza kuchapa ana miaka tisa, amesimama juu ya kreti. Alipofika kumi na tisa, baba yake akamwachia kazi yake ya kwanza kubwa, dari la chumba cha chai. Alilichapa peke yake siku kumi na moja. Baba yake akalitazama. Hakusema kitu. Akakaa chini akalirudia lote upya kwa mkono wake. Kanoko akanawa mikono na hakugusa kibao tena. Hiyo ni miaka kumi. Wanazungumza kila jambo, mvua, wateja, bei ya samaki, isipokuwa hilo. Mama Mkwe akasema wote wawili vichwa vyao vimechongwa kwa mti mmoja. Akafuta jicho kwa mkono wa nguo. Nikamwambia pole. Nikamwonea huruma Kanoko wangu hata nikatoboa tunda.

Lakini nilikuwa na mambo yangu ya kufikiria. Karatasi kumi na mbili, siku moja! Na papo hapo, juu ya beseni la matunda, akili ikaja. Mpango mzuri kuliko yote ya wiki hii. Nautoa hapa kwa ufupi: kutoelewa.

Baada ya chakula Baba Mkwe alikwenda kukandwa bega. Tsukasa alipeleka vifuniko vyake vya taa kwenye duka la vijana la mtaa wa juu. Huvitengeneza kwa vipande vya karatasi vilivyobaki, vinauzika, sitaki kulizungumzia. Nikamwita Kanoko karakanani. Nikasema sielewi jinsi ya kulaza karatasi, anionyeshe moja. Akakataa. Akasema mkono wake umesahau. Nikasema moja tu, kwa ajili ya mume wako ambaye kesho atadhalilika mbele ya mji mzima. Akasema mji mzima hauji, anakuja Bi Nagumo peke yake. Nikamtazama kwa macho ambayo nilikuwa nayatumia kuuza mashine za bei kubwa.

Akafunga mikono ya nguo kwa kamba. Akanawa. Akasimama mbele ya kibao muda mrefu hata nikadhani amekwenda zake akaacha mwili.

Kisha chekeche. Kisha karatasi, ikashuka kama inavyoshuka pazia. Kisha kiganja. Jamani! Alisugua kama mtu anayemlaza mtoto aliyekwisha sinzia. Nilisahau kupumua.

Nikasema sijaelewa.

Akachapa ya pili, akinieleza. Nikasema nimeelewa katikati, pembeni bado. Ya tatu, kusema kweli nilikuwa naangalia shingo yake na sikuona kitu, kwa hiyo nilisema ukweli. Ya nne akasema mimi ni mzito kama jiwe la kukandamizia achari. Ya tano akasema jiwe lina nafuu, jiwe halijifanyi. Kufikia ya saba hakuwa ananisikiliza tena. Alikuwa anaimba chini kwa chini, wimbo usio na maneno, na miguu yake ilisimama wazi kidogo, nadhani hivyo ndivyo ilivyosimama juu ya kreti. Sikusema sijaelewa tena. Nilimpa karatasi tu. Naye alipokea.

Ya kumi na mbili. Rafu tupu.

Akaitazama rafu. Akaniuliza, sasa wewe utachapia nini? Nikasema asiwe na wasiwasi. Akanitazama. Akanitazama sana. Kisha akanawa mikono akaenda kuangalia plamu.

Kumi na mbili zote ziko kwenye mianzi, zinakauka taratibu, bila mashine. Na wala sikumwomba anisaidie kudanganya. Nilimwomba anifundishe! Mimi ni mtu mwenye akili nyingi sana.

Jumamosi, 14 Juni

Mvua ilikatika asubuhi. Niliona ni ishara.

Bi Nagumo alifika saa nne. Nywele kakata kama bakuli, mkononi taa ndogo tu. Akasema wageni wake watakaa chini kwenye mikeka na taa zitakuwa sakafuni, kwa hiyo hana haja ya kuziona karatasi kwa mwanga wa dirisha. Akaomba tufunge madirisha. Akaiweka taa chini.

Za Tsukasa kwanza. Kumi na mbili, sawasawa kabisa, hakuna doa, mkia kwa kichwa, mkia kwa kichwa. Bi Nagumo akasema ni safi sana. Tsukasa akainama. Shingo yake ilikuwa nyekundu kwa furaha, na kwa mara ya kwanza nilimwona kama mtu aliyefanya kazi miaka saba.

Kisha zangu.

Sijui niandikeje. Mawingu ya Tsukasa yalikuwa yamesimama, mazuri, yamesimama. Haya yalikuwa yanakwenda. Ukisogeza kichwa kidogo yanapita, kama yana safari na hayawezi kukungoja. Bi Nagumo akapiga magoti. Akasema ndiyo haya. Akauliza ni mkono wa nani.

Nikafungua kinywa. Nilikuwa nimeandaa hotuba, yenye sentensi mbili za unyenyekevu.

Lakini Baba Mkwe alikuwa bado ameinama juu ya meza. Aliweka kiganja juu ya karatasi bila kuigusa, unywele mmoja juu yake, akafuata alama kutoka upande mmoja hadi mwingine. Akasema, hakumwambia mtu yeyote, "Bado anaanzia kushoto. Bado anainua kifundo cha mkono mwishoni. Nilimkataza akiwa na miaka tisa."

Akaita, wala si kwa sauti kubwa. Kanoko akaja, mikono ina chumvi.

"Hizi zako," akasema baba yake.

"Za Kippei," akasema Kanoko. Mke wangu mwaminifu!

"Kippei huacha mikono mitatu kwa karatasi. Hizi zako."

Kanoko akafuta chumvi kwenye aproni. Hotuba yangu nikaimeza. Bi Nagumo akajifanya anaangalia waya wa taa yake.

Baba Mkwe akajikuna bega linalouma. Akasema lile dari. Akasema mwaka ule gundi ilikuwa mbovu. Si ya Kanoko, yake yeye, aliipika nyepesi, akagundua baada ya kazi kwisha. Ulanga ungeanza kupukutika kwenye vikombe vya watu kabla ya mwaka. Ndiyo maana alirudia. Mkono haukuwa na kosa. Mkono ulikuwa mzuri kuliko wake, hilo nalo lilimkera kidogo.

Kanoko akasema, "Miaka kumi, Baba!"

"Nilidhani uliiona gundi."

"Ningeionaje? Nilikuwa naangalia uso wako."

"Nikawa nasubiri uniulize."

"Na mimi nikawa nasubiri useme."

Mama Mkwe, aliyekuwa nyuma ya mlango muda wote, akasema kwa sauti kwamba na yeye alikuwa anasubiri wote wawili wafe ndipo apumzike. Kanoko akacheka, akalia, mabega yakapanda. Nilitaka kumkimbilia. Tsukasa alinishika mkono wa nguo, akaniambia kwa sauti ndogo nitulie, hili si langu. Macho yake yalikuwa na maji. Akasema ni chumvi ya plamu. Chumvi ilikuwa kwa Kanoko, mita tatu kutoka kwake.

Uamuzi: Kanoko atachapa milango yote minne. Tsukasa atabandika na kuunganisha, kwa sababu hakuna anayekutanisha ncha kama yeye. Akasema ameshindwa na mkono ule, hana neno, ila kama angeshindwa na Bwana Harusi angehama mji.

Nilimuuliza Kanoko jioni kama alijua. Akasema alijua tangu karatasi ya pili. Nikamuuliza mbona aliendelea. Akasema nilisema sijaelewa, na yeye ndiye aliyekuwa anaelewa.

Mimi nimerudishwa kwenye sufuria mpaka Mwaka Mpya. Kwa kudanganya, Januari imeongezwa.

Jumapili, 15 Juni

Baba na binti wameanza kazi leo, Jumapili, hawakuweza kungoja. Baba anamshikia binti karatasi. Wanagombana! Baba anamwambia kifundo, binti anamjibu bega. Tangu asubuhi ni kifundo, bega, kifundo, bega. Mama Mkwe amepika samaki wa mtoni wa chumvi, na ameweka wawili zaidi ya watu waliopo kwa sababu ya furaha tu. Mimi nakoroga mwani dirishani ambapo namwona mke wangu kwa upande. Ndivyo ninavyompenda zaidi, kwa upande. Na mbele. Na nyuma, anapokwenda.

Nimepata muda wa kutafakari wiki hii, kwa utulivu, kama mtu mzima. Nimejiuliza nimejifunza nini. Jibu liko wazi. Mipango yangu inafanya kazi! Baba na binti walilinyamazia jambo lao miaka kumi. Nani kawapatanisha? Si mimi? Kama ningekuwa mtu wa kukaa kimya na kuchapa kwa haki, leo wangekuwa bado wanazungumzia bei ya samaki.

Kasoro ilikuwa moja tu: nilikuwa nawaza mambo madogo. Kwa nini mlango uwe na karatasi kumi na mbili? Kumi na mbili ni viungo, na viungo ni Tsukasa. Mzee Ukai wa Echizen akiinua karatasi moja kubwa kama mlango mzima, basi hakuna ncha ya kukutanisha, hakuna mkia wala kichwa, hakuna Tsukasa! Kibao cha ukubwa huo hakipo, najua. Nitakichonga mwenyewe. Patasi nimeshaagiza, seti ya vipande kumi na viwili, zinafika Jumanne. Sijawahi kuchonga, lakini nina mkono mpya usio na mazoea mabaya. Na kwa kiganja itachukua muda mrefu, kwa hiyo nafikiria kutumia nyayo. Mtu ana nyayo mbili, na zangu ni laini mno.

Kanoko hajui bado. Nimemwambia tunakwenda Echizen kutazama vimulimuli, fungate yetu ndogo, na alifurahi hata akanikumbatia na aproni yenye rangi. Sasa nina wingu begani. Sitalifua.

Nimempigia simu Mzee Ukai mwenyewe. Alisikiliza yote kuhusu karatasi kubwa na nyayo. Kisha akauliza kama Baba Mkwe hajambo. Nikasema hajambo kabisa, na hana haja ya kusumbuliwa na habari hizi. Nikamwahidi kwamba kabla Juni haijaisha, mvua ije isije, nitakuwa mlangoni kwake na mke wangu mkononi na soksi nimeshavua.